Swynnerton na Savana ya Usukumani: Maisha ya Mtafiti Katika Somo la Biomu za Dunia

Katika vyuo vyetu somo la biomu za dunia hufundishwa kwa jedwali. Safu ya kwanza hubeba jina la biomu, ya pili kiasi cha joto, ya tatu kiasi cha mvua, na zinazofuata hutaja mimea na wanyama. Mwanachuo hulinakili, hulikariri usiku wa kuamkia mtihani wa sayansi ya mazingira, na mara nyingi hufaulu. Akiulizwa kwa nini tundra haina miti hujibu kwamba ni baridi. Akiulizwa kwa nini jangwa la Namib ni tupu hujibu kwamba ni ukame. Na akiulizwa kwa nini savana ina nyasi nyingi na miti iliyoachana hujibu kwamba ni mvua za msimu. Majibu mawili ya kwanza hayana kasoro kubwa. Jibu la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Lalago, katika wilaya ya Maswa, ni mahali ambapo wanachuo wetu huenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu akisimama kando ya barabara iendayo Mwanhuzi aweza kuona upande mmoja shamba la pamba lililosafishwa hata kisiki kisionekane, na upande wa pili ngitili ambayo wenyewe wameifunga, yenye migunga iliyoshonana na nyasi ndefu. Mvua inayonyesha huku ndiyo inayonyesha kule. Joto ni lilelile. Katika jedwali la mwanachuo sehemu hizo mbili zimo katika mstari mmoja, na hakuna safu iwezayo kueleza tofauti yake. Mtoto wa darasa la sita anayechunga ng'ombe wa baba yake hapo anaijua sababu, lakini darasani hatumwulizi.

Neno biomu lilianza kutumiwa na mwanasayansi wa mimea wa Marekani, Frederic Clements, mnamo mwaka 1916, kwa maana ya jamii kubwa ya mimea na wanyama inayokalia eneo pana la dunia. Clements aliamini kwamba kila eneo, likiachwa kwa muda wa kutosha, huelekea kwenye hali moja ya mwisho iliyoamuliwa na tabia ya nchi. Imani hiyo ndiyo mzizi wa jedwali letu. Sasa, njia mojawapo ya kumfanya mwanachuo alione jedwali kwa jicho jipya ni kumsimulia maisha ya mtu aliyeikuta savana hii yetu ikiwa swali gumu, akakaa nayo miaka mingi akiliuliza. Mtu huyo ni Charles Francis Massy Swynnerton, aliyefariki mwaka 1938. Jina lake liko katika vitabu vya wadudu, vya ndege na vya historia ya ukoloni, na kwa bahati mbaya wanafunzi wengi wa historia humchanganya na mwanawe Roger, yule aliyetunga mpango wa kilimo wa Kenya wa mwaka 1954. Baba ndiye tunayemzungumzia.

Swynnerton alizaliwa Suffolk, Uingereza, mwaka 1877, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Bara Hindi, ambako baba yake alikuwa kasisi wa jeshi. Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 19, alifika Afrika ya Kusini. Hakuja na shahada yoyote. Baada ya muda mfupi alihamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, akapata kazi ya kusimamia shamba lililoitwa Gungunyana, mpakani mwa Msumbiji. Karibu na shamba hilo kuna msitu wa Chirinda, msitu mdogo wa kijani kibichi wenye miti mirefu ajabu, umezungukwa pande zote na nchi ya nyasi na miti iliyotawanyika. Mtu akitembea kutoka ndani ya msitu ule huvuka kutoka biomu moja hadi nyingine kwa hatua chache, kama mtu atokaye chumbani kuingia uani.

Shamba alilisimamia, lakini akili yake ilikuwa msituni. Alikusanya mimea, na orodha ya mimea ya Gazaland iliyotokana na makusanyo yake ilichapishwa London mwaka 1911. Alikusanya ndege, na ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa akapewa jina lake. Aliwafuga ndege wa aina mbalimbali akawapa vipepeo mmoja mmoja ili aone ni wapi wanaokataliwa na ni wapi wanaoliwa, akaandika kila alichokiona kwa miaka mitano mfululizo, tangu 1908 hadi 1913. Ninalitaja jambo hili kwa sababu wanachuo huamini kwamba utafiti wahitaji maabara. Maabara ya Swynnerton ilikuwa vizimba, daftari na subira.

Kutoka pale mpakani mwa msitu lilitokea swali lake kubwa la kwanza. Kwa nini msitu unakomea hapa? Mvua ya Chirinda hainyeshi kwa mstari. Mwaka 1917 alitoa makala juu ya mambo yaliyosababisha misitu ya kale ya Afrika ya Mashariki kugeuka kuwa malisho yenye miti. Alionyesha kazi ya moto unaowaka kila mwaka na kuula ukingo wa msitu, na kazi ya mkulima afyekaye, apandaye na ahamaye. Alikuwa amekwisha kuona kwamba mpaka kati ya msitu na savana ni mahali pa mapigano, wala haukuchorwa na mawingu peke yake. Baadaye sana, ndege yule mwenye jina lake aligunduliwa pia katika misitu ya Usambara ya Mashariki na Udzungwa, mbali mno na Chirinda, na huyu ni ndege wa kivuli asiyependa kuvuka nchi ya wazi. Mwalimu akiweka misitu hiyo kwenye ramani na kuwaacha wanafunzi wafikiri ni jinsi gani ndege mmoja aliweza kuwa katika vipande hivyo vilivyotengana, dakika ishirini za kipindi zitakwenda bila yeye kusema mengi.

Mwaka 1918 alipewa kazi ya kuchunguza mbung'o katika wilaya ya Mossurise, upande wa Msumbiji, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1921. Sehemu hii ya maisha yake naiona kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mwalimu. Wazungu waliofika huko walikuta pori lililojaa mbung'o, wakadhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Swynnerton alipofuatilia habari za nyuma aligundua historia nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi hiyohiyo ilikuwa chini ya Mzila, mfalme wa Gaza. Mzila alitaka kufuga ng'ombe mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakifa. Akawakusanya watu wake wakae kwa wingi na kwa kukaribiana, vichaka vikafyekwa kwa kuni, kwa majenzi na kwa mashamba, wanyama wa porini wakawindwa na kusukumwa mbali, na ng'ombe wakastawi. Mwaka 1889 mwanawe, Gungunyana, alihama na umati mkubwa wa watu kwenda kusini, upande wa mto Limpopo. Nchi ikabaki na watu wachache. Miti ikarudi, wanyama wakarudi, na mbung'o wakarudi nyuma yao.

Tazama, basi, yaliyomo katika kisa hiki kimoja. Katika muda wa umri wa mtu mmoja mahali palepale pamekuwa pori, pakawa malisho, pakawa pori tena, na hakuna mahali ambapo tunalazimika kutaja badiliko la mvua. Aliyefanya mabadiliko ni mtawala wa Kiafrika, kwa elimu ya watu wake, bila darubini. Swynnerton alikuwa mtumishi wa wakoloni na ni mtu wa zama zake, lakini hapa alikubali kuwa mwanafunzi, na njia alizozitumia baadaye Usukumani kwa sehemu kubwa alizipata kwa Mzila.

Tanganyika ilipotwaliwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Swynnerton aliteuliwa mwaka 1919 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori, cheo ambacho watu wa enzi hizo walikiita Bwana Nyama. Nchi aliyoikuta ilikuwa imejeruhiwa. Sotoka iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imeangamiza ng'ombe na nyati. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita na wapagazi na chakula, kisha mafua ya mwaka 1918 yakazoa watu. Mahali palipokuwa na mifugo ya kula nyasi na watu wa kukata kuni, vichaka viliota. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliyaeleza mambo haya kwa kirefu: kwamba watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakiyatawala mazingira yao kabla ya misiba hiyo, na pori lililoonekana na wageni kuwa la asili lilikuwa kwa kiasi kikubwa jipya. Wengine wamemsahihisha hapa na pale, hasa juu ya hesabu za watu, lakini kiini cha hoja yake kimebaki.

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka mashariki ya Mwanza, yaani katika nchi yetu hii. Swynnerton alikuja kuchunguza upande wa wadudu, na mbung'o aliyepatikana hakuwa katika orodha ya waliojulikana. Akaitwa Glossina swynnertoni. Makazi yake ni nchi kavu ya miiba ya kaskazini ya Tanzania na kusini ya Kenya tu, pamoja na Serengeti na Mara. Hakuna mwingine duniani.

Hapa ndipo mbung'o anapokuwa zana ya kufundishia biomu. Aina mbalimbali za mbung'o hazikai mahali pamoja bila mpango. Glossina morsitans hupenda miombo, ile misitu mikavu ya Tabora na Kahama. Glossina swynnertoni hupenda savana ya migunga iliyo wazi. Glossina pallidipes hujificha katika vichaka vizito. Wengine hukaa kando ya maji ya Ziwa Victoria. Basi mtu aliyejua ni mbung'o yupi aliyemwuma aliweza kukisia ni uoto wa namna gani uliomzunguka, na kinyume chake. Kile ambacho jedwali la dunia linakiita kwa jina moja, savana, mdudu huyu alikigawa katika nchi kadhaa zenye mipaka yake. Sidhani kuna njia fupi zaidi ya kumweleza mwanachuo kwamba biomu ni kikapu kikubwa chenye vikapu vidogo ndani yake.

Kazi ya Swynnerton ilikita mizizi Shinyanga. Mwaka 1929 ilianzishwa idara maalumu ya utafiti wa mbung'o naye akawa mkurugenzi wake. Pori liligawanywa katika vitalu. Kitalu kimoja kilichomwa moto mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa ili moto uwe mkali. Kingine kilikingwa na moto mwaka baada ya mwaka. Kingine kilifyekwa. Vijana walitembea katika njia zilezile kila wiki, wakisimama katika vituo vilevile, wakikamata mbung'o na kuwahesabu kwa jinsia na kwa njaa yao. C. H. N. Jackson, mmoja wa watafiti wake, aliwatia mbung'o alama za rangi mgongoni, akawaachia, akawakamata tena ili akadirie idadi yao. Vitalu vilivyokingwa na moto viliota vichaka vizito. Ardhi ileile, mvua ileile, na mbele ya macho ya watu savana ilianza kuwa kitu kingine.

Huo ulikuwa upande wa utafiti. Upande wa utekelezaji ulikuwa jasho la Wasukuma. Tangu katikati ya miaka ya 1920 maelfu ya wanaume waliitwa na watemi wao kila kiangazi kufyeka vichaka, na ukanda baada ya ukanda ukawa wazi. Vitabu vya serikali ya wakati huo viliisifu kazi hiyo kama moyo wa kujitolea. Katika utawala wa kikoloni mwito wa mtemi aliyekuwa na mkuu wa wilaya nyuma yake haukuwa mwaliko wa arusi, na mwalimu anayesimulia habari hizi asilifiche jambo hilo. Lakini pia asiseme kwamba watu walifyeka kwa kuogopa tu. Walikuwa wafugaji, na mbung'o alikuwa akiwaua ng'ombe wao. Ardhi iliyosafishwa walihamia wenyewe. Yote mawili yalikuwa kweli.

Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwako John Phillips, mwanaikolojia wa Afrika ya Kusini, aliyefanya kazi Tanganyika kuanzia mwaka 1927 hadi 1931. Phillips alikuwa mfuasi hodari wa Clements. Aliandika kwamba mimea na wanyama wa mahali pamoja huunda kiumbe kimoja kikubwa kinachozaliwa, kinachokua na kufikia utu uzima. Mwingereza Arthur Tansley aliyasoma maandishi hayo kwa kuudhika, na mwaka 1935 akayajibu kwa makala ambayo ndani yake alipendekeza neno jipya, ekosistemu. Wanachuo wetu huandika neno hilo katika kila karatasi ya mtihani wakidhani lilishuka kutoka Ulaya likiwa kamili. Ugomvi uliolizaa ulihusu mawazo ya mtu aliyekuwa ametoka kutazama vichaka vya Kondoa na mikoa ya kati ya nchi hii.

Msaidizi mwingine alikuwa Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, ambaye inasemekana miti ya Tanganyika aliijua kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Vichaka vya Itigi, ambavyo havifanani na kitu kingine chochote kati ya Singida na Tabora, vina mmea uitwao Burttia kwa heshima yake.

Mwaka 1936 Swynnerton alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki, chenye kurasa zaidi ya 500. Jalada lina jina moja. Vijana waliotembea zile njia mara elfu wamo ndani yake kama nambari za mbung'o waliowakamata. Miaka miwili baadaye, Juni 1938, yeye na Burtt walipanda ndege ndogo kusafiri kikazi, nayo ikaanguka. Wote wawili walikufa.

Kifo chake hakikumaliza habari, na mwalimu akikomea hapo atakuwa amesimulia nusu. Kati ya miaka ya 1945 na 1951 idara yake iliwaua wanyama wa porini kwa maelfu katika eneo la majaribio Shinyanga ili mbung'o wakose damu. Mbung'o walipungua sana, lakini leo ni vigumu kusoma taarifa zile bila huzuni. Ufyekaji uliendelea, pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule uliijumuisha Maswa na Lalago, zilikuwa wazi mno. Kuni zilitafutwa mbali na nyasi zilikwisha mapema. Dawa ya Mzila ilikuwa imetolewa kwa kipimo kisichokuwa na kikomo. Ndipo mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao ulifanya kazi hadi mwaka 2004. Baada ya kuhimiza miti ya kigeni bila mafanikio makubwa, wataalamu waliigeukia desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kulifunga eneo la malisho wakati wa masika ili nyasi na miti vipumzike hadi kiangazi kikali. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto kwa njia hiyo. Visiki vilivyokatwa tangu enzi za mababu vilichipua, maana mizizi ilikuwa haijafa.

Mwanachuo aliyefuata maisha haya hadi hapa sasa yuko tayari kulirudia jedwali. Ataona kwamba baadhi ya biomu hakika zimetawaliwa na tabia ya nchi. Hakuna mfalme awezaye kuotesha msitu katika tundra, na katika jangwa moto hauna cha kuunguza. Msitu wa mvua wa Kongo nao husimama kwa mvua yake. Lakini kati ya ncha hizo lipo eneo pana ambamo mvua huruhusu zaidi ya jambo moja. Robert Whittaker, aliyetunga mchoro maarufu wa biomu kwa joto na mvua, alilizungushia eneo hilo mstari wa vitone, na wachapaji wa vitabu vingi vya shule wameuacha mstari huo kana kwamba ni uchafu wa karatasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2005, uliokusanya vipimo vya mahali 854 katika savana za Afrika, ulionyesha kwamba penye mvua chini ya milimita 650 hivi kwa mwaka miti huzuiwa kujaa na uhaba wa maji wenyewe, lakini juu ya kiasi hicho miti ingeweza kufunga mwavuli kama si moto na wanyama walao majani. Mwaka huohuo wanasayansi wengine walikadiria kwa hesabu za kompyuta kwamba dunia bila moto ingekuwa na misitu iliyofunga mara mbili ya iliyopo. Usukuma iko karibu na ule mpaka wa milimita 650. Ndiyo maana mkono wa mtu na meno ya mbuzi vina nguvu kubwa hapa kuliko kule Lindi au kule Lodwar.

Serengeti, jirani yetu, inathibitisha hayo kwa njia nyingine. Sotoka ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja katika miaka ya 1970. Nyumbu walikula nyasi, nyasi zilipopungua moto ulipungua, na moto ulipopungua miti ikaongezeka. Chanjo ya ng'ombe ikapanda miti! Mwanafunzi anayeweza kuueleza mnyororo huo hatua kwa hatua ameielewa savana, hata akisahau idadi ya milimita.

Wakufunzi wenzangu watauliza muda utatoka wapi, maana muhtasari ni mrefu na mtihani haungoji. Kisa chote hiki chaweza kuingia katika vipindi viwili pamoja na matembezi ya asubuhi moja. Katika matembezi hayo njia ya Shinyanga ndiyo ya kufuata: mstari mmoja ulionyooka kutoka mlimani hadi mbugani, vituo kumi, na katika kila kituo mwanachuo ahesabu miti, apime urefu wa nyasi, aangalie kama kuna majivu, samadi au kisiki, na achimbe udongo kidogo. Ataanza na mawe, atashukia mchanga wa luseni, kisha itogolo, na mwisho udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani, aliufanya mfuatano wa namna hii kuwa nadharia inayosomwa duniani kote katika miaka ya 1930, ingawa majina ya udongo Wasukuma walikuwa nayo kabla yake. Kisha jioni wanachuo wajaze jedwali lao la zamani, wakiongeza safu mbili: moto, na watu pamoja na mifugo yao. Biomu saba au nane zote zijazwe katika safu hizo, tangu preri ya Marekani, ambayo Wahindi Wekundu waliichoma moto na nyati wao waliilisha, hadi taiga ya Siberia.

Kwa mtahini jambo hili halina hasara. Jibu linalotaja mvua za msimu, kisha moto, malisho na ukulima, kisha likatoa mfano wenye mahali na mwaka, lina hoja zaidi kuliko lile la mstari mmoja. Lakini mtihani si jambo pekee lililo hatarini. Walimu hawa watakwenda kufundisha katika vijiji ambamo mkutano wa kijiji huamua ni ngitili ipi ifungwe, ipi igawanywe iwe mashamba, na nani achome nyasi lini. Mwalimu aliyefundishwa kwamba ukavu wa Lalago ni amri ya mbingu hatakuwa na neno katika mkutano huo.

Katika zoezi la mwisho huwapa wanachuo swali moja bila kuwaonyesha kitabu. Huwaambia wachague kitalu kimoja cha ardhi wanachokifahamu, cha ukubwa wa uwanja wa mpira, waeleze kilivyokuwa wakati wa babu yao, kilivyo sasa, na kitakavyokuwa baada ya miaka thelathini kikikingwa na moto na mifugo. Wengi huomba ruhusa ya kwenda kwanza kuwauliza wazee.